Mjomba, mchoro ukutani ni sanaa au ni kesi?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na kitu kimoja, kuta. Sijui mmekubaliana huko au vipi. Nimechagua chache, nyingine zinafanana nimeziunganisha.

SWALI: Kijana wangu kachora ukuta wa jirani

*Mjomba habari za kazi. Mimi ni mzazi nipo Tabata. Kijana wangu ana miaka 19 kamaliza form four yupo tu nyumbani anasikilizia, sasa usiku yeye na wenzie wamechukua makopo ya spreya wakachora ukuta wa jirani yetu, ule mrefu unaotazama njia. Wamechora uso wa bibi mmoja marehemu aliyekuwa anauza vitumbua pale kona, na kusema ukweli wamempatia mpaka ile kanga alivyokuwa anaikunja kichwani, watu wanasimama wanapiga picha. Jirani kakasirika anataka laki nne apake rangi upya la sivyo anaenda polisi. Kijana ananiambia baba ile ni sanaa sio uharibifu. Hata mimi nikiuangalia mchoro nashindwa kumgombeza. Mwenye haki nani hapo?* — Baba wa Tabata

JIBU: Baba wa Tabata, pole sana. Dogo kasema kweli ila kasema nusu, na hii nusu ndiyo inawaponza vijana wengi. Ile ni sanaa sawa, mi sijauona ila kama mpita njia anasimama anasema "jamani bibi huyu" basi kazi imefanyika, lakini kuwa sanaa hakujazuia kuwa uharibifu, vyote viwili vinakaa kwenye ukuta mmoja bila shida yoyote. Watu wanabishana miaka nenda rudi kama vile lazima uchague kimoja. Sheria yetu haiulizi kama umechora vizuri. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 326 inasema ukiharibu mali kwa makusudi na bila haki ni kosa, na kifungo kinaweza kufika miaka saba. Hakuna mahali pameandikwa "isipokuwa kama kanga imetokea vizuri". Sisemi dogo atafungwa miaka saba kwa sababu ya bibi wa vitumbua, nasema tu mkifika polisi hoja ya sanaa haitawabeba mbali.

Ila na huyo jirani nae nina maneno yake kidogo. Kwenye meseji yako ya pili uliniambia ukuta huo kabla ya mchoro ulikuwa umeandikwa USIKOJOE HAPA FAINI 50,000 kwa rangi nyeusi ya brashi, herufi zinapanda na kushuka, na watu walikuwa wanakojoa hapohapo chini ya maandishi. Na pembeni kulikuwa na karatasi za mganga, dalali wa vyumba na yule wa nguvu za kiume. Sasa tujiulize, mbona hao wa karatasi hakuwapeleka polisi? Kuta za mji huu hazijawahi kuwa tupu. Nyumba hii haiuzwi, jihadhari na matapeli. Usibandike matangazo, na juu yake tangazo limebandikwa. Makampuni ya simu yamepaka maduka rangi zao kuanzia Kariakoo hadi kijijini kwa mama yangu, yaani unashuka kwenye basi hujui upo kijiji gani unajua tu mtandao gani unashika. Na serikali yenyewe ikiamua inaandika, muulizeni mtu yeyote wa Kimara aliyeamka 2017 akakuta X nyekundu kwenye nyumba yake wakati ule wa bomoabomoa ya barabara ya Morogoro, ile haikuwa sanaa na haikuwa uhuni, ilikuwa amri, na hakuna mchoro wa spreya uliowahi kumtoa mtu machozi kama ile X.

Kwa hiyo tunachokasirikia mara nyingi sio rangi ukutani. Ni nani kaiweka na kaitoa wapi ruhusa. Kampuni ya simu ilimuomba mwenye duka, ikampa rangi ya bure labda na kibao cha jina lake juu. Dogo hakumuomba mtu. Tofauti ipo hapo tu, na ni tofauti kubwa, sio ya kuichukulia poa.

Sasa cha kufanya. Usilipe laki nne kabla hujaleta fundi akapima, maana ukuta mmoja upande mmoja laki nne naiona kama ina hasira ndani yake. Lakini pia msijidanganye kwamba mtapaka rangi ya maji juu yake iishe, spreya hasa nyekundu na zambarau inatokeza, leo umepaka cream kesho kutwa bibi anakuangalia tena kwa mbali, lazima kwanza ipite praima ya mafuta ndio rangi ya maji ije juu. Hiyo ndiyo gharama yenyewe. Halafu mchukue kijana, na wale wenzie na wazazi wao, mpitie kwa mjumbe, mwende wote kwa jirani jioni. Aongee kijana sio wewe. Aseme nimekosa kuchora bila kukuomba, nipo tayari kufuta kwa mikono yangu na gharama yetu, AU kama utapenda mchoro ubaki nitaumalizia vizuri na nitaupaka ukuta uliobaki wote. Mpe mtu nafasi ya kukubali bila kuonekana kashindwa. Jirani akisema futa, mnafuta, ukuta wake, hata kama mtaa mzima unalia.

Na kuna kitu kimoja mzee hukukigusa kabisa. Huyo bibi ana watoto? Kuna mtu aliwauliza? Kuna familia itafurahi kupita kila siku inamuona mama yao, na kuna familia haitaki kabisa sura ya marehemu wao iwe njiani watu wanaegemea na pikipiki zinapaki mbele yake, wengine ni suala la dini kabisa hawataki picha. Mimi mwenyewe ningeanza na hao kabla ya jirani. Ukuta unapakwa rangi ukarudi, uso wa mama wa mtu ni mambo mengine.

SWALI: Spreya sio sanaa

*Mjomba mnawadekeza sana hawa watoto wa spreya. Sanaa ya Tanzania tunaijua, Tingatinga, vinyago vya Wamakonde. Haya mengine ni kuiga Wamarekani tu.* — Mstaafu, Morogoro

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kuiga kupo, sikatai, hiyo staili ya kuandika jina lako kila mahali ilianzia Philadelphia na New York, kulikuwa na kijana mmoja tarishi anajiita Taki 183, kaandika jina kwenye mabehewa na kuta mpaka 1971 gazeti la New York Times likamtafuta limhoji, na baada ya hapo kila mtoto wa New York akataka jina lake pia, jiji likahangaika na treni zake mpaka 1989 ndio likatangaza zimekuwa safi. Kwa hiyo historia unayo sahihi.

Ila mzee, Edward Said Tingatinga alipoanza mwaka 1968 alikuwa anatumia nini? Rangi za mafuta, zile zile watu walizokuwa wanapakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi, anauza pale Morogoro Stores Oysterbay. Hakusoma chuo cha sanaa. Alifariki 1972, na leo jina lake ndio jina la staili nzima. Nenda siku moja Nafasi Art Space pale Mikocheni ukaone vijana wanavyofanya kazi, au tafuta michoro ya Wachata, lile kundi la wachoraji wa spreya, halafu uniandikie tena. Ukiendelea kutoipenda ni sawa, kutopenda ni ruhusa.

SWALI: Mwenye nyumba kanikubalia, nichore Mji Mkongwe?

*Mjomba asalamu alaykum. Mie kijana wa Ng'ambo, Unguja. Kuna mzee ana nyumba ya kale Mji Mkongwe, ukuta wake wa nje umechakaa vibaya, plasta imeanguka, kaniambia nikichora bure kwake poa tu. Nataka niweke jahazi kubwa, na rangi nshanunua. Rafiki zangu wananambia ntakamatwa. Sasa mwenye nyumba si kakubali, kosa liko wapi?* — Fundi Rangi

JIBU: Waalaykum salaam. Kijana wangu wewe umefanya kile ambacho dogo wa Tabata hakufanya, umeomba, hongera, na bado jibu langu ni usichore.

Ruhusa ya mwenye nyumba hapo haitoshi. Mji Mkongwe upo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, na ipo Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe tangu 1985, kazi zinazogusa sura ya majengo yale zinapitia kwao. Kwa hiyo mzee wako kakupa ruhusa ambayo yeye peke yake hana. Nenda kwao kwanza, ofisi ipo hapohapo mjini.

Lakini tuache sheria, tuongee ufundi maana naona wewe ni fundi. Ukuta ule sio wa tofali za saruji. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna ile unavuta unyevu na kuutoa, mvua ya masika inaingia, jua la kiangazi linaitoa. Wewe ukija na rangi ya plastiki au ya mafuta ukaziba upande wa nje, maji yanabaki ndani na chumvi yake, hayana pa kutokea, plasta inavimba inafanya malengelenge halafu inaanguka vipande vipande, na jahazi lako linaanguka nalo. Huo uchakavu unaouona, plasta kuanguka, nyumba nyingine zimefika hapo hasa kwa sababu mtu alizipaka saruji na rangi za kisasa akidhani anazisaidia. Yaani utamharibia mzee nyumba kwa nia njema kabisa, na hapo kwangu ndio uharibifu wenyewe hata kama mchoro ni mzuri na ruhusa ipo. Wa Tabata wanaweza kupaka upya mwezi ujao. Wewe ukuta wako hauna rangi ya kuurudisha.

Najua utaniambia mbona wazee wetu walichora. Ni kweli, na nakupa silaha kabisa ubishane na mimi vizuri. Magofu ya pwani hii, Gedi, Kilwa, Songo Mnara, yana majahazi yamekwaruzwa kwenye plasta, watu walichukua kitu chenye ncha wakachora tanga na mlingoti. Na Fort Jesus pale Mombasa, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593, ndani wanajeshi walichora ukuta mzima kwa makaa na udongo mwekundu, meli, makanisa, samaki, watu. Walikuwa walinzi tu wamechoka kukaa zamu wanangoja meli ya kwao. Sidhani kama yule kamanda wao alifurahi. Leo ukuta ule umehifadhiwa, watu wanalipa kiingilio wanauangalia, na wewe ukithubutu kuandika jina lako pembeni yake askari wanaondoka na wewe.

Kwa hiyo muda unabadilisha mambo, sikatai. Lakini angalia walichotumia, makaa, udongo, mkwaruzo, hakuna hata mmoja aliyeziba ukuta. Ndio maana ukuta umebaki.

Wewe fanya hivi, chora jahazi lako kwenye mbao kubwa za plaiwudi vipande vipande, mzee akikubali na Mamlaka ikikubali yafungwe mahali bila kutoboa ukuta. Au urudi kwenu Ng'ambo, kule kuta za saruji zimejaa, maskuli, viwanja vya mpira, zinakusubiri na hazina shida na rangi yako. Nashangaa kidogo kila kijana mwenye kopo anataka kuchora Mji Mkongwe wanakopita watalii, wakati watu wa Ng'ambo ndio wangekaa na hiyo picha kila siku.

SWALI: Matatu sawa, ukuta wa tao (mjini) hapana

*Mjomba niaje. Mimi nachora mat hapa Nairobi, pia murals. Mwenye gari akinilipa nichore rapa wa Marekani kwa mlango ya nyuma kila mtu anapenda, hadi watalii wanapiga picha. Lakini nikichora kwa ukuta ya tao kitu kuhusu wale wanakula pesa ya umma, kanjo, wale askari wa jiji, wananikimbiza na wanafuta asubuhi. Si hiyo ni kunyamazisha watu tu na wanasingizia uharibifu?* — Msee wa Spray

JIBU: Ndugu yangu, nusu ni hiyo unayosema na nusu sio.

Kwanza hata hizo mat unazozisifia hazikuanza kwa kupendwa. Sheria za Michuki, yule waziri wa uchukuzi wa Kenya, zilipokuja 2004, mstari wa njano, mikanda, vidhibiti mwendo, michoro ilibanwa kweli kweli, na baadaye Uhuru Kenyatta akiwa rais ndio akasema hadharani vijana waachwe wachore. Rangi ni ileile, gari ni lilelile, leo uhuni kesho utamaduni wa Nairobi kwenye postikadi. Kwa hiyo mtu akikuambia mpaka kati ya sanaa na uhuni upo wazi toka zamani, anakutania.

Kuhusu ukuta wa siasa. Mwaka 2012 mwanaharakati Boniface Mwangi na wachoraji wake walichora usiku mtaa wa Muindi Mbingu karibu na City Market, mwanasiasa kawa tumbusi mwenye suti. Mji mzima ukaongea. Sasa niambie, wangeomba kibali wangepewa na nani? Ofisi gani ingegonga muhuri "tunaruhusu mtuchore tukiwa tumbusi"? Mchoro wa namna hiyo hauna mlango wa kuombea ruhusa, na ndio maana mimi siwezi kuupima kwa kipimo nilichompimia dogo wa Tabata. Ukuta wa jirani ni wa jirani, ana jina na ana hasira zake halali. Ukuta wa manispaa umejengwa kwa kodi yako na ya mama mboga. Hapo mi nipo upande wa waliomchora tumbusi bila kigugumizi.

Ila usiniambie unataka sheria ikupigie makofi pia. Kwenye Penal Code yenu ni kifungu cha 339, hadi miaka mitano, na kipo pale uchore rais au uchore ua. Anayechora ukuta wa mamlaka kuisema mamlaka anajua anachokifanya na anajua asubuhi kuna mtu na ndoo ya rangi nyeupe. Piga picha kabla hawajaamka, ndio mchoro utakaoishi.

Na chagua ukuta. Kuna tofauti ya ukuta wa ofisi na kioski cha mtu anayejitafutia, nimeona vijana wanatukana serikali kwenye mlango wa kinyozi, kinyozi amekosea nini? Nakumbuka zile fujo za baada ya uchaguzi wa 2007, Kibera kulikuwa na msanii anajiita Solo7 akizunguka na rangi anaandika amani kila mahali, kuta, mabati, mpaka barabarani chini. Hakuwa na kibali cha mtu, na sijawahi kusikia mtu hata mmoja wa Kibera anasema aliharibiwa bati. Alikuwa anaandika kwao, kwa watu anaoishi nao, kitu walichokuwa wanakihitaji siku ile.

SWALI: Mmiliki mpya anataka kufuta kazi yangu

*Mjomba mambo. Nilichora ukuta mzima wa mgahawa hapa Arusha, nililipwa vizuri tu. Sasa mgahawa umeuzwa, mmiliki mpya anasema mwezi ujao anapaka rangi nyeupe. Naweza kumzuia? Nimesikia Marekani wasanii walishinda kesi kama hii.* — Dada Brashi

JIBU: Umesikia vizuri. Ni jengo la 5Pointz, Queens, New York, wasanii walikuwa wanachora kwa ruhusa ya mwenye jengo miaka mingi, mwaka 2013 akalipaka rangi nyeupe usiku, akaja kulibomoa ajenge magorofa ya kupangisha. Wasanii 21 wakaenda mahakamani na 2018 jaji akaamua walipwe dola milioni 6.75, na rufaa 2020 wakashinda tena. Lakini kule wana sheria maalum ya 1990 inayolinda kazi yenye hadhi inayotambulika isiharibiwe hata kama jengo sio lako.

Ya kwetu ni Sheria ya Hakimiliki ya 1999. Inakupa haki ya kutambulika kama mchoraji na haki ya kupinga kazi yako kukatwakatwa au kugeuzwa kwa namna inayokuvunjia heshima. Maana yake huyo mmiliki mpya akiuongezea mchoro wako miwani na chupa ya bia una la kusema. Akiufunika wote kwa rangi nyeupe ni kesi ngumu, mimi nisingekutuma ukatumie hela ya wakili hapo bila kwenda kwanza COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuwauliza. Ukuta ni wake na ulilipwa.

Ila angalia kitu kingine. Haki ya kuitumia ile picha, kuichapa kwenye tisheti, kadi, matangazo, haihami kwa sababu ukuta umeuzwa, isipokuwa kama uliandika umeiuza. Je yule wa kwanza mliandikiana? Kama mlikubaliana kwa mdomo tu basi safari ijayo karatasi moja inatosha, iseme nani anamiliki picha, mchoro ubaki muda gani, na ukitaka kufutwa uambiwe siku kadhaa kabla. Kwa sasa muombe huyo mpya siku moja mgahawa ukiwa umefungwa, uingie na mtu mwenye kamera nzuri na taa, mpige ukuta wote kipande kwa kipande. Na muulize kwa upole kama kweli anataka nyeupe au anataka tu kitu kipya, maana wa kukichora kitu kipya anaye mbele yake.

Maswali mengine nimeyaweka toleo lijalo. Yule wa Mwanza aliyeuliza namna ya kumshitaki mganga anayebandika karatasi kwenye geti lake, ndugu yangu, namba ya simu si kaiandika mwenyewe?